Profesa ananiita Uholanzi, ila anataka niende na madaftari yetu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mtakwimu katika hospitali moja huku Kaskazini mwa Tanzania. Nina mume, fundi umeme, na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Nimebakiwa na siku kumi na moja kujibu barua pepe moja, na mpaka usiku huu nimeandika salamu tu.

Mwaka 2016 dada yangu mkubwa alifariki kwa kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikwenda zahanati mara mbili akilalamika kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, na mara zote mbili alirudi na panadol. Kipimo cha presha kilikuwa kibovu. Mara ya tatu alibebwa akiwa ameshaanza degedege, na hospitali hakufika. Mimi wakati huo nilikuwa namalizia shahada ya kwanza ya takwimu. Hesabu nilizokuwa nazipenda zikaanza kunikera, kwa sababu sikuona zinamsaidia nani.

Nilipoajiriwa, baada ya shahada ya pili, niliomba nipewe takwimu za wodi ya wazazi. Kwa miaka mitatu mimi na wakunga wawili tumekuwa tukibaki baada ya zamu, tunaingiza kwenye kompyuta yaliyomo kwenye madaftari ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) na mafaili ya wagonjwa: umri, mimba ya ngapi, presha, protini kwenye mkojo, alivyojifungua, kama alipata degedege, kama alitoka mzima. Hakuna aliyetulipa hata nauli. Sasa tuna wanawake 4,160, na kati yao 58 walipata kifafa cha mimba. Kuna mambo mle ndani mtu wa nje hawezi kuyaelewa. Kwa mfano, pembeni ya baadhi ya mistari kuna herufi K. Aliyeanza kuiandika ni mmoja wa wakunga hao. Maana yake ni "kachelewa", yaani mama alifika usiku sana baada ya kuhangaika na usafiri. Haimo kwenye mwongozo wowote.

Mwaka jana niliieleza kazi hii kwenye mkutano wa kisayansi. Profesa mmoja kutoka Uholanzi akanifuata, tukaongea, na sasa ameniletea nafasi ya shahada ya uzamivu: miaka minne, mkataba wa ajira, mshahara. Utafiti wenyewe ni kutengeneza modeli ya kutabiri, mimba ikiwa bado changa, ni mama yupi atapata presha ya mimba. Modeli itajengwa kwa data za wanawake wa Ulaya, kisha sura ya mwisho ya tasnifu itaijaribu "katika mazingira ya Afrika". Sura hiyo ni data zetu. Ameniandikia vizuri kabisa kwamba angefurahi nikienda na faili lote ili tuanze mapema. Wakunga hawakutajwa popote.

Mkuu wangu wa idara anataka nibaki, nisajiliwe uzamivu hapa nchini, niwe naenda nje miezi michache na kurudi. Fedha za mpango huo hazijulikani zitatoka wapi. Tena namjua: nikibaki nitakuwa nachambua data za tasnifu za watu wengine mpaka yangu iote ukungu. Alipoona nasita akasema nafasi yangu ina watu wanaoitaka.

Mume wangu aliniambia "nenda" kabla sijamaliza kueleza. Badala ya kufurahi, nilikosa usingizi. Mwanaume anayemwachia mkewe miaka minne kwa neno moja, anafikiria nini?

Mama yangu ndiye angebaki na mtoto. Siku tatu alinyamaza. Ya nne, tukiwa tunachambua maharage, akaniuliza: "Huko unakokwenda, watakufundisha kujua kwa nini dada yako alikufa?" Sikuwa na jibu. Nikasema ndiyo.

Kila mtu ananiambia bahati haiji mara mbili. Nikienda najiona dalali, nimewauza wale wakunga na wale wanawake 4,160. Nikibaki najiona nimemwangusha marehemu. Nifanye nini, mama?

Binti wa Wodi ya Wazazi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa dada. Pole pia kwa hilo "ndiyo" ulilomjibu mama yako, maana naona limekuelemea kuliko barua pepe ya profesa.

Barua yako inauliza uende au ubaki. Nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yanatua kwenye maharage. Mama yako ameuliza "kwa nini". Wewe ni mtakwimu, unajua kuliko mimi kwamba modeli ya kutabiri haijibu swali hilo. Inachoweza kusema ni kwamba, kati ya wanawake mia wenye umri huu, presha hii na maumivu haya, kadhaa watapata degedege. Na ikiwa nzuri, ikisema ishirini, basi kweli waugue kama ishirini, si watano wala hamsini. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini dada yako alikuwa na kichwa kinachouma na macho yenye ukungu, dalili ambazo mkunga yeyote anazijua, kwenye zahanati yenye kipimo kibovu. Hapakuhitajika modeli pale. Palihitajika kipimo kinachofanya kazi na mtu wa kumkimbiza hospitali. Silisemi hili kudharau fani yako. Nalisema kwa sababu nahisi umeibebesha shahada hii deni la dada, na kwa deni hilo kila njia utakayoichukua itaonekana usaliti.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapo nadhani kuna jambo hamjaliona vizuri, wewe na profesa wako.

Kutabiri presha ya mimba mapema si upuuzi. Njia iliyoendelezwa London hutazama historia ya mama, presha yake, ultrasaundi ya mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba, na kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye kondo, yote kati ya wiki ya 11 na ya 14. Mwaka 2017 jaribio kubwa lililoitwa ASPRE lilionyesha kwamba wanawake waliobainika hivyo kuwa na hatari kubwa, wakapewa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, walipungukiwa na presha ya mimba inayokuja kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo utabiri ulikuwa na faida, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kidonge cha kumpa mama.

Lakini jiulize wanawake wako 4,160 walikuja kliniki ya kwanza wakiwa na mimba ya wiki ngapi. Wengi wetu huku tunaanza kliniki tumbo limeshaonekana. Na katika orodha uliyonitajia sijaona ultrasaundi ya mishipa wala hicho kipimo cha damu. Basi hiyo sura ya mwisho itajaribu nini hasa? Modeli inayodai mambo manne haijaribiwi kwa data zenye mawili. Inawezekana profesa ana mpango ambao hajaueleza. Inawezekana pia hajaona bado, kwa sababu hajayafungua madaftari. Hilo ni swali la kitaaluma, unaweza kumuuliza bila woga wala lawama, na jibu lake litakuonyesha mengi kuhusu miaka minne ya kuwa chini yake.

Ipo njia nyingine, na ninaitaja tu ili ujue haupo peke yako porini. Mwaka 2014 ilitoka modeli inayoitwa miniPIERS, iliyojengwa kwa data za wanawake 2,081 wenye presha ya mimba kutoka Brazili, Fiji, Pakistani, Afrika Kusini na Uganda. Inatumia mambo ambayo nesi anaweza kuuliza au kupima kitandani: mimba ya ngapi na ya wiki ngapi, kichwa na macho, kifua na pumzi, kutokwa damu na maumivu ya tumbo, presha, protini ya mkojo. Hiyo inafanana zaidi na daftari lako.

Hata hivyo, wale 58 waliopata kifafa cha mimba ni wachache. Kanuni ya zamani ya fani yenu ilidai wagonjwa wasiopungua kumi kwa kila kigezo unachoingiza, kwa hiyo ungebakiwa na vigezo vitano tu. Ya siku hizi ni kali zaidi. Hata kuijaribu tu modeli ya mtu mwingine, mara nyingi wanashauri waliopata tatizo linalotabiriwa wafike mia. Maana yake faili unaloogopa kuliuza halitoshi peke yake kujenga tasnifu, iwe ya Uholanzi au ya nyumbani. Litahitaji hospitali nyingine mbili tatu, na watu wanaoweza kusoma madaftari ya huko kama nyinyi mnavyosoma yenu.

Kusoma daftari ni elimu yenyewe, usiione ndogo. Watafiti wa Marekani waliwahi kufundisha kompyuta kutabiri nani atakufa kwa nimonia, nayo ikajifunza kwamba wenye pumu wana hatari ndogo. Sababu ilikuwa rahisi: wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye uangalizi maalumu, kwa hiyo walipona zaidi. Anayeijua wodi hugundua kosa hilo. Asiyeijua angewarudisha nyumbani. Kwenu vilevile: mama mwenye presha ya 170 aliyechomwa mapema magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, huenda asilipate, na kompyuta inaweza kuhitimisha kwamba 170 ni salama. Na pale ambapo protini haikupimwa, je, ni kwa sababu mama alionekana mzima, au vijiti vya kupimia vilikuwa vimeisha wiki ile? Na wale waliopewa rufaa mkajua vifo vyao wiki mbili baadaye, au hamkujua kabisa? Nakumbuka Aprili 2020, korona ilipopamba moto, jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya modeli 31 za kutabiri ugonjwa ule, na zote zilionekana kuwa na hatari kubwa ya kupotosha. Waliozitengeneza hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka, na wengine walikuwa na data wasizozijua.

Turudi kwenye hilo neno dalali. Umejiita hivyo kana kwamba faili ni lako na wewe ndiye wa kuamua kuliuza au kutoliuza. Sio lako, mwanangu, na hapa sheria inakupunguzia mzigo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuna kibali cha maadili ya utafiti, na data za wagonjwa zikitaka kuvuka mpaka kuna makubaliano ya kuzihamisha yanayopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na hospitali yenu. Huwezi kupanda ndege na flashi mfukoni, hata ungetaka. Kumwambia profesa hivyo si ukaidi, anajua Ulaya nako kuna sheria kali kama hizo. Tena siku hizi wengi hawahamishi data kabisa: zinabaki zilipo, programu ya uchambuzi inatumwa, yanayotoka ni majibu. Ungeweza kupendekeza hivyo. Ungeweza kupendekeza pia majina ya wale wakunga wawili yawe kwenye makala, kwa kazi waliyoifanya na watakayoendelea kuifanya. Akikataa? Basi utakuwa umejua kabla ya kusaini.

Lakini nikuchokoze kidogo upande wa pili. Umechukulia kwamba ukibaki, madaftari yatakuwa mikononi salama. Una hakika? Mkuu wako naye ana kompyuta. Umeniambia mwenyewe ukibaki utakuwa unachambua data za tasnifu za wengine. Jina la mkunga linaweza kusahaulika hata kwenye makala iliyoandikwa hatua ishirini kutoka wodini kwake.

Nafasi ya Uholanzi ina mambo mazuri ambayo nisingependa hofu ikufiche. Kule anayesoma uzamivu ni mwajiriwa, analipwa, analipa kodi, ana likizo. Tasnifu kwa kawaida ni makala kadhaa zilizounganishwa, kwa hiyo unatoka na jina lako kwenye majarida. Utakaa na watu ambao asubuhi hadi jioni wanabishana juu ya data zinazokosekana. Raha hiyo huijui mpaka uionje. Ila soma mkataba vizuri. Mara nyingi huanza na mwaka mmoja au zaidi kidogo, unafanyiwa tathmini, ndipo unaongezwa hadi miaka minne. Uliza pia ruhusa ya masomo ya mwajiri wako inakufunga kurudi kwa miaka mingapi, na kama ipo kwa maandishi au ni maneno ya ukumbini. (Kuna desturi yao moja naipenda: siku ya kutetea tasnifu husimama na wasindikizaji wawili, kama wapambe wa harusi. Nilipofika kwenye wakunga wako wawili niliiwaza, nikacheka peke yangu.)

Na uzamivu wa nyumbani haulazimiki kuwa ule aliouchora mkuu wako. Mtindo wa kwenda na kurudi umetoa wasomi wengi. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na Taasisi ya Karolinska ya Sweden wameufanya kwa miaka mingi. Upo mtandao wa CARTA wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, ulioanza 2008, ambao umefadhili uzamivu kwa wafanyakazi wa wanachama wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara zimo. Uliza kama ajira yako inakupa mlango huo. Upo muungano wa mafunzo ya takwimu tiba wenye makao Chuo Kikuu cha Wits, Afrika Kusini. Hatari ya njia hii umeshaisema: fedha za kuungaunga na bosi anayekuona kama kikokotoo. Miaka minne inaweza kuwa saba. Wapo wanaoivumilia kwa sababu kila jioni wanalala na watoto wao, nami siwezi kuwaambia wamekosea hesabu.

Hilo la mtoto nina la kusema, na ni langu binafsi. Miaka ya tisini nilikwenda kusoma Uingereza nikamwacha mwanangu ana miaka mitatu. Niliporudi alijificha nyuma ya bibi yake, akaniamkia kama anavyoamkia mgeni. Leo ni mtu mzima, tunaelewana vizuri, na hunitania kwamba tasnifu ndiyo kitinda mimba changu. Lakini kumrudisha kulichukua muda, na hakukuwa na profesa wa kunisimamia. Kwako kuna mambo ambayo mimi sikuyauliza: je, familia inaruhusiwa kufuatana nawe, mshahara ule unatosha watu watatu katika mji ghali, fundi umeme atafanya nini kwenye nchi ya lugha nyingine? Je, mwaka wa kwanza unaweza kuanzia nyumbani, ukikusanya data za hospitali nyingine ambazo tasnifu inazihitaji hata hivyo?

Mumeo alisema neno moja, wewe ukaliongezea mengine. Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomuuliza, sijapaona. Inawezekana amekusikia ukiongea na dada yako marehemu usiku na ameamua hatakuwa kizuizi. Inawezekana ana hofu na hajui pa kuiweka. Inawezekana ni hilo unaloliogopa. Muulize mkiwa mnatembea, wanaume wengine huongea vizuri wasipotazamwa usoni.

Na hiyo bahati isiyokuja mara mbili, mimi nina mashaka nayo. Nafasi za uzamivu kule hutangazwa kama ajira, mwaka mzima, na fani yenu inatafuta watu. Profesa huyu hasa anaweza asirudi, hilo ni kweli, na kuna mifuko inayohesabu umri. Lakini siku kumi na moja unazozihesabu zinaweza kuwa za kutuma maswali, si lazima ziwe za kutuma jibu. Mwombe muda. Kuomba wiki tatu za kuongea na hospitali yako kuhusu kibali hakujawahi kumfukuza msimamizi mzuri.

Kwa mama yako usirudi na makaratasi ya chuo. Rudi jikoni, umwambie lile "ndiyo" lilikutoka kwa haraka. Anaweza kuwa anajua tayari kwa nini binti yake alikufa, aliyaona yote. Sijui alikuwa anauliza nini pale kwenye maharage, na wewe nadhani hujui bado.

Kisha, vyovyote utakavyoamua baadaye, keshokutwa ukiwa zamu wakae wale wakunga wawili nawe kwa nusu saa. Wasomee barua ya profesa yote, pamoja na sehemu ambayo wao hawamo. Na hiyo herufi K, iandikeni maana yake mahali, pamoja na jina la aliyeianzisha.